Jiko la Kumfungua Mkwe Mdomo

Jumapili, 6 Julai 2025

Jiko limekufa. Saa saba mchana, mbele ya wageni! Sakafu yake ilishaliwa na kutu siku nyingi, nami nilikuwa naiziba kwa bati la kopo la maziwa. Leo kopo nalo limechoka. Kuku wawili wamepita chini, moja kwa moja majivuni. Mgeni mmoja akasema kwao kuku wa majivu ni dawa ya tumbo. Ila hakumla.

Lilikuwa jiko la kuchomea la peleti, nililipata mnadani wajenzi wa barabara walipofungasha virago. Mpanda nzima hakuna mwenye jingine kama lile. Mke wangu Mwanaiddi anasema ni kwa sababu hakuna aliyelitaka. Peleti ni pumba za mpunga zilizoshindiliwa mashineni zikawa vipande vya ukubwa wa kidole cha mwisho. Unazimimina kwenye sanduku, feni inapuliza, nyama inaiva, wewe umekaa. Hapo kwenye kukaa ndipo nilipolipendea.

Jioni simu kutoka kwa shemeji Kauthar, mdogo wake Mwanaiddi. Mama yao kamaliza kuvuna huko Majimoto. Anakuja Jumamosi. Atafikia kwa Kauthar, halafu atapita kwetu kusalimia.

Mkwe! Jina lake siliandiki, hata humu ndani. Ni adabu. Kwa ukoo wao, mama mkwe haonani uso kwa uso na mume wa binti yake, wala hali nyumbani kwake, mpaka afunguliwe mdomo. Anafunguliwa kwa mbuzi. Mwaka wa tisa huu hajafunguliwa. Kila akija anakaa uani, anakunywa maji ya chupa aliyobeba mwenyewe, anaaga. Mwanaiddi anamsindikiza mpaka barabarani, akirudi hasemi neno hadi kesho yake. Kimya kile kinaniuma kuliko maneno.

Naseeb, mume wa Kauthar, yaani mwanyumba wangu, alimfungua mwaka wa kwanza tu. Mbuzi mzima, kwenye sufuria kubwa ya harusini. Tangu hapo Mkwe anakula kwake na kuongeza, na Naseeb hachoki kunihadithia. Ile sufuria sijaiona tena. Nasikia alimwachia Mkwe. Kujipendekeza gani huko!

Si kwamba mimi sikujaribu. Mbuzi wa kwanza nilimchoma kujaribia jiko. Wa pili alikata kamba akaingia kwenye kundi la jirani yangu Malale, na Malale akihesabu mifugo yake hajui kutoa, anajua kujumlisha tu. Wa tatu sinunui. Mbuzi ni njia ya wasio na akili. Mimi nitamfungua kwa harufu. Kinachotakiwa ni jiko jipya kabla ya Jumamosi.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Kibanda changu cha kutengeneza simu nimekifunga. Kikao cha familia.

Mwanaiddi anataka jiko dogo la peleti, la mafiga mawili, huku ugali huku maharage, lisilotaka umeme. Kuna kikundi cha akina mama kinayauza. Mimi nikasoma orodha yangu: mfuniko, bomba la moshi, mshale wa kupimia joto, magurudumu. Akauliza magurudumu ya nini, jiko linasafiri kwenda wapi? Nikamwambia hayo ni mambo ya kisasa. Tukapiga kura. Nasma, binti yetu wa miaka saba, alichagua magurudumu. Nimeshinda mbili kwa moja.

Mwanaiddi akaniuliza tena kama nimewahi kuulizia utaratibu wa kwao wote, mwanzo mpaka mwisho. Nikamjibu nimeishi na ukoo wao miaka tisa, nifundishwe nini? Akacheka, akaenda kuchambua mchele. Alicheka muda mrefu kidogo.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi dukani kwa Lidia, mjini. Ana jiko la peleti la kutoka nje. Jeusi, linang'aa mpaka nikajiona sura. Mfuniko, mshale, magurudumu manne! Lidia akasema kuangalia ruksa, kugusa hapana. Alipogeuka kuhudumia mwingine nikaingiza kichwa, nione kikombe cha moto, pale peleti zinapowakia, kina upana gani. Mfuniko ukashuka. Mzito! Nikabaki nusu ndani, nusu dukani, nasikia watu wanakusanyika. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama bado sijaiva. Sauti niliijua. Naseeb. Alikuja kununua balbu.

Lidia alinitoa, na hakunificha ukweli. Jiko lile limezoea peleti za mbao. Pumba za mpunga zina majivu mengi, zingeziba kikombe kabla kuku hajageuzwa. Nikamwambia hilo nilishaliona nilipokuwa ndani.

Nje, Naseeb akataka kujua kwa nini natafuta jiko badala ya mbuzi. Nikamwambia dunia imebadilika. Akanitazama kwa huruma, akaanza kunieleza jambo kuhusu ile sufuria yake. Nikamkatiza. Nani ana muda wa hadithi za sufuria?

Alasiri kwa Lyamba, mchomeleaji wa hapa kwetu Misunkumilo. Kumbe Mungu si Athumani! Kuna mwenye hoteli aliagiza jiko la peleti la pipa zima, akahama mji kabla ya kulichukua. Limebaki kufungwa bomba na magurudumu tu. Tumekubaliana: jiko kwangu, baiskeli yangu na redio mbili kwake. Mwanaiddi bado sijamwambia habari ya baiskeli.

Jumatano, 9 Julai

Limefika! Lyamba kalisukuma mwenyewe kutoka karakana, mtaa mzima umetoka kuangalia. Pipa zima limelazwa, mfuniko wenye mpini. Kikombe cha moto kipana, chini yake droo ya majivu. Feni ya gari bovu. Magurudumu ya pikipiki, tena yana upepo! Mtoto anaweza kulisukuma kwa mkono mmoja. Nilizunguka nalo uani mara tatu bila sababu.

Malale naye kaja na fimbo yake. Kalizunguka taratibu, anavyokagua dume mnadani, akauliza mdomo wa kuni uko wapi. Akasema yeye nusu pipa lake na mkaa havijawahi kumtaka waya. Halafu akaleta jambo lingine. Mbuzi wangu yule, kasema, kazaa mara tano. Nikimwomba kistaarabu, mbele ya watu, atanipa mmoja kwa ajili ya Jumamosi, na maneno yaishe.

Nimwombe mbuzi wangu mwenyewe! Nikamwambia ahsante jirani, mbuzi simtaki. Nyuma ya pazia nilimsikia Mwanaiddi akivuta pumzi ndefu.

Jioni jaribio. Mbavu za ng'ombe. Wallahi, zilitoka laini mpaka mfupa ukabaki unajishangaa. Mwanaiddi mwenyewe alirudia. Nilifurahi nikapanga vitu upya: jiko katikati ya uani, magunia yote ya peleti pembeni, kwenye ukuta wa bafu. Usafi kwanza.

Alhamisi, 10 Julai

Peleti zimekuwa uji! Maji ya bafuni yamepita chini ya ukuta, magunia yamekunywa usiku kucha, yamevimba yakapasuka. Mabata ya Mwanaiddi yamezama hadi shingo, yana raha zao. Mwanaiddi akauliza, je, huu nao ni usafi? Nilikuwa tayari natafuta kofia.

Mashine ya peleti iko Majimoto tu. Nimeazima pikipiki ya Lyamba, nikaondoka asubuhi ile ile. Njiani, ndani ya hifadhi ya wanyama, inzi wa ndorobo walinila shingo. Pale Sitalike, mtoni, viboko wamelala kwenye matope yao, hawana wakwe, hawana haraka. Niliwaonea wivu.

Majimoto mashineni nikapakia magunia manne. Nafunga kamba ya mwisho, nainua macho, nani yule anakuja na mpunga wake wa kukoboa? Mkwe! Tumebanana kama kibendera na mlingoti, hatuna pa kupishana. Kisheria napaswa kuacha njia. Njia yenyewe ilikuwa moja, na yeye yuko katikati yake. Pembeni kulikuwa na kilima cha pumba. Nikapiga mbizi.

Saa mbili nzima! Pumba zinawasha. Ziliingia kwenye kola, kwenye masikio, nikawa naomba dua kimoyomoyo nisipige chafya. Mkwe alikaa kwenye gunia, hatua tano tu kutoka nilipo, anapiga soga na wenye mashine. Akasema mambo mengi. Akasema mwaka huu mpunga umekubali sana, mpaka pumba zimeota kiatu. Wote wakacheka. Mimi sikuelewa wanacheka nini.

Alipoondoka nikatoka. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa haujafunikwa. Bahati nzuri hakuna aliyeuona.

Ijumaa, 11 Julai

Bado najikuna. Nimeswali Ijumaa huku najikuna, jirani wa safu akasogea.

Mpango umekamilika, na ni mpango wa hali ya juu. Mkwe asinione, lakini jiko linanihitaji. Basi nimevuta waya wa feni kutoka uani mpaka chumbani, na kitufe cha redio cha kuongeza na kupunguza. Nitakaa nyuma ya dirisha, pazia limefungwa, tundu moja la kuchungulia. Mwanaiddi atasimama kwenye jiko. Nitagonga dirisha: mara moja, geuza nyama. Mara mbili, paka ndimu. Mara tatu, acha kabisa, hatari! Tumefanya mazoezi. Anazijua vizuri.

Usiku tukiwa tunapanga vyombo akaniuliza, asipokula je? Nikaanza kueleza nguvu ya harufu. Akanikatisha. Akasema jiko lolote kwake ni sawa, la mafiga mawili, la pipa, hata la mawe. Anachotaka ni kumwona mama yake ananawa mikono ndani ya nyumba yake, mara moja tu. Nikatoka kwenda kusugua jiko ambalo lilishasuguliwa.

Jumamosi, 12 Julai

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Saa sita wakafika. Mkwe mbele na chupa yake ya maji kwapani, Kauthar nyuma, na Naseeb ndani ya kanzu nyeupe utadhani ni Idd. Mimi chumbani, kitufe mkononi. Malale akajileta mwenyewe, akasema kasikia moshi, ingawa jiko langu halitoi moshi. Waliketi.

Feni ikaanza kuvuma. Mshale ukapanda. Kuku watatu wa kienyeji, mbavu mbili, ndizi pembeni. Nikagonga moja, Mwanaiddi akageuza. Nikagonga mbili, akapaka ndimu. Harufu ikatoka! Nilimwona Malale akiacha kuongea katikati ya neno. Nilimwona Naseeb akimeza mate. Mkwe je? Akafungua chupa yake. Akanywa. Akaifunga.

Nikasema basi, mwaka wa kumi huo unaanza.

Mara akainuka. Akaenda mpaka kwenye jiko, akafungua mfuniko kwa mkono wake, akatazama ndani muda mrefu. Akauliza hicho kinachowaka ni nini. Mwanaiddi akamwambia ni pumba, mama, pumba zenu za Majimoto. Mkwe akauliza, pumba hizi hizi tunazomwaga? Hizi hizi. Akainama, akatazama kikombe cha moto. Akatazama magurudumu. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau. Alisema: Mwanaiddi, niletee maji ya kunawa.

Mwanaiddi alilia. Alilia huku anacheka, birika linamwaga maji nje ya beseni, Mkwe ananawa hewa. Kauthar akapiga vigelegele. Mkwe akala paja, akala ubavu, akaomba ndizi! Mimi chumbani niliruka juu kwa furaha, nikatua juu ya kitufe. Feni ikaenda mwisho kabisa. Majivu yote ya droo yakaruka, yakachagua kanzu ya Naseeb. Sikukusudia, Mungu shahidi. Lakini sikusikitika pia.

Ningeifunga shajara hapo, siku ingekuwa kamili.

Mkwe alipomaliza, akajipangusa midomo, akasimama. Akasema leo mkwewe wa mjini amemfungua, na amemfungua kwa akili, si kwa mazoea. Nikavimba kichwa. Akaendelea: na kwa utaratibu wa ukoo wetu, kilichoufungua mdomo hurudi nyumbani na mdomo. Chombo ni cha mama.

Chombo!

Kauthar akasema ndivyo, hata sufuria yetu ilikwenda. Naseeb, kama mzimu kwa majivu, alikuwa anatazama dirishani kwangu na meno yote nje. Malale akasema gari lake dogo la mizigo linakwenda Majimoto leo leo kuchukua mchele, nafasi ipo. Kisha akaongeza kwamba kwa magurudumu haya, kupakia ni dakika moja.

Nifanye nini? Kutoka siwezi, sijavaa wala kujiandaa, na mkwe hapingwi uso kwa uso siku ya kwanza. Kusema siwezi. Nikagonga dirisha mara tatu. Hatari! Acha! Nikagonga tena tatu. Na tatu. Watu wote wakageuka kwa Mwanaiddi, anasema nini huyo? Na Mwanaiddi wangu, aliyefanya mazoezi jana, anayezijua vizuri, akajifuta machozi akawaambia: anasema lichukueni kwa moyo mweupe, na magunia yote manne ya peleti mchukue.

Vigelegele tena. Wakalisukuma. Nasma alisukuma kwa mkono mmoja.

Nikabaki nimekaa chini ya dirisha. Nikasikia hatua zinakuja, zikasimama upande wa pili wa pazia. Kisha sauti, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, ikiniita mimi. Mkwe kasema, mwanangu, ahsante. Nimeshiba. Nikaitikia, nafikiri niliitikia. Halafu akauliza, je, pumba zimeacha kukuwasha?

Jumapili, 13 Julai

Mwanaiddi anaimba tangu alfajiri. Anapika maharage kwenye mafiga ya mawe, moshi mpaka barabarani, na anaimba. Sijamsikia akiimba hivi tangu tuoane. Nimejaribu kukasirika, imeshindikana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari ya chombo. Akasema aliniuliza Jumatatu, nikamjibu nimeishi na ukoo miaka tisa. Habari ya baiskeli pia anaijua. Alijua tangu Jumanne.

Mkwe katuma salamu kwa simu. Jiko limefika salama, wanawake wa Majimoto wamepanga foleni kulitazama. Naseeb naye kapiga. Kasema majivu yametoka kwenye kanzu, na karibu kwenye chama cha waliofungua. Nilicheka. Bila kutaka, lakini nilicheka.

Saa nne Malale akaja na mbuzi. Dume zuri, jeupe, amelifunga kwenye mlango wetu. Akasema hili ni mtoto wa yule wa zamani, jirani, na kuombwa hakuna haja tena, jana alishiba vya kutosha. Tukashikana mikono. Mwanaiddi alifurahi sana, kwa sababu Kauthar kaleta habari: Mama Mdogo, mdogo wake Mkwe, kasikia yote ya jana. Naye ni mkwe. Naye hajafunguliwa. Anakuja baada ya wiki mbili. Mwanaiddi akasema safari hii mbuzi yupo, tumchinje, tupike kwenye kisufuria cha zamani, chombo kikiondoka kiondoke, yaishe kwa amani.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu kabisa, nikiwa nimekaa. Kosa la jiko lile lilikuwa moja tu.

Saa kumi nikampeleka mbuzi kwa Lyamba. Amekubali mbuzi kwa jiko. Mapipa mawili safari hii, yameunganishwa, feni mbili. Na halina magurudumu! Lina miguu ya chuma, tutaichimbia ardhini. Nimtazame huyo Mama Mdogo atalisukuma vipi.